Mshokishoki Salalah: shajara ya kitalu, siku ya 1 hadi siku ya 512

Ubuyu unafika Oman ndani ya mfuko. Ukwaju unafika umegandamizwa kama tofali. Mabungo hukamuliwa, yakagandishwa, yakafika bado yananukia. Shokishoki halikubali lolote katika hayo. Likishachumwa haliivi tena, likikaa siku tatu kwenye joto nywele zake zinakuwa nyeusi, na likikaushwa kinachobaki ni ganda na kokwa. Kwa Wazanzibari waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wao kuingia Oman kuanzia 1970, hili ndilo tunda lililobaki nyuma.

Rambutani (jina la dukani la shokishoki) za Thailand zipo madukani, nyekundu, kubwa, tamu. Wazee wanazila kwa adabu tu, kisha wanasema silo. Wana haki. Aina ya Rongrien ilichaguliwa ili iwe tamu tupu na nyama yake iachane na kokwa bila taabu. Lile la Unguja mara nyingi lina uchachu, na nyama yake inaondoka na ule ukoko mwembamba wa kokwa, kama karatasi ya mti, unaobaki kwenye meno. Ukoko huo ambao mfanyabiashara angeuita kasoro ndio wanaoutafuta wazee wetu.

Kwa hiyo tuliamua kuupanda mti wenyewe Oman. Salalah, mji wa pwani ya Dhofar kusini mwa nchi, tuliichagua kwa sababu ya upepo. Kusi linalovuma Zanzibar katikati ya mwaka, lile lililorudisha majahazi Uarabuni, ndilo linalofika Dhofar na kuleta khareef: ukungu, manyunyu na ubaridi kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Minazi, migomba na mipapai imejaa kwenye tambarare ya pwani. Ila tusijidanganye, mshokishoki ni mti wa mvua ya milimita elfu mbili na zaidi kwa mwaka, na Salalah haipati hata sehemu ya kumi ya hiyo. Udongo ni wa chokaa, mti unataka udongo wenye uchachu. Maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi, mti hauwezi chumvi. Sehemu kubwa ya shajara hii ni ya maji.

Siku mbili kabla ya siku ya 1

Matunda 96, kama kilo 3, yamechumwa Kizimbani, Unguja, kutoka miti mitatu. Yamekatwa kwa vichala, si kupukutwa. Mbegu imeachwa ndani ya tunda safari nzima, maana nyama na ganda ndiyo maji yake. Boksi la kadibodi limetobolewa matundu, likatandikwa majani ya mgomba, bila barafu. Baridi ya barafu inaua mbegu ya shokishoki kama jua linavyoiua.

Kwa atakayefuata njia hii: kibali cha kuingiza mimea kinaombwa Oman kwanza, kisha cheti cha afya ya mimea kinatolewa Zanzibar baada ya ukaguzi, na idadi iliyoandikwa kwenye karatasi zote mbili ilingane na ya boksini. Boksi lazima lifunguliwe na kukaguliwa, kwa hiyo lifungwe kwa kamba inayofunguka, si kwa gundi mzunguko mzima. Udongo usibebwe hata kidogo, pamoja na ule ulioganda kwenye vikonyo vya matunda.

Siku ya 1

Kusafisha. Ganda linapasuliwa kwa ukucha wa kidole gumba, tunda linaminywa, nyama inatoka nzima. Kuila hapo hapo kunaondoa theluthi mbili tu ya kazi, kwa sababu kwenye mashokishoki haya kuna uzi wa nyama unaobaki umeng'ang'ania kokwa. Uzi huo una sukari, na sukari inaita ukungu na sisimizi. Mbegu zimesuguliwa kwa mchanga laini ndani ya kitambaa, zikasuuzwa mara tatu, mpaka zikaacha kuteleza mkononi.

Tuligawa mafungu matatu, ili swali la "mbegu inasubiri muda gani?" lijibiwe hapa hapa:

Fungu A, mbegu 60: zimepandwa leo.
Fungu B, mbegu 24: zimewekwa ndani ya usumba uliolowa na kukamuliwa, kwenye kopo lenye matundu, mahali pa kivuli, kwa siku 10.
Fungu C, mbegu 12: zimeanikwa kivulini siku 3, kama watu wanavyofanya kwa mbegu za papai.

Mbegu inalazwa ubavu, sentimita 2 chini. Ikisimamishwa wima mzizi na shina hupindana na mche unatoka na kigongo.

Viriba, mifuko ya kupandia, ni vyeusi, kimo sentimita 30. Vifupi havifai, mzizi mkuu ukigusa chini unajizungusha na hausahihishiki tena. Mchanganyiko ni sehemu 2 za vumbi la makumbi kwa sehemu 1 ya mchanga wa wadi, bonde la mto mkavu. (Mchanga huo ulikuwa kosa. Soma siku ya 74.)

Makumbi hapa hayakosekani, wauza madafu wa barabarani wanayatupa kwa malundo. Sharti ni kuyalowesha na kuyasuuza mpaka maji yatoke na rangi ya chai nyepesi na kipimo cha chumvi kishuke karibu na 0.5 dS/m (desisimensi kwa mita, namba ikipanda chumvi ni nyingi). Ilichukua maji matano. Usumba uliozikwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba usitumike kabisa, umeshakunywa bahari.

Siku ya 11

Mche wa kwanza. Kokwa linabaki chini ya udongo, kinachotokeza ni kichipukizi cha kahawia chenye majani mawili yanayotazamana, laini, yamelegea. Kulegea huko ni kawaida. Majani machanga ya mshokishoki yananing'inia kama yaliyonyauka mpaka yakomae, na anayeyaonea huruma akaongeza maji anaozesha mzizi. Kipimo ni kidole: kikiingia sentimita 3 kikatoka na unyevu, acha.

Fungu B limepandwa leo.

Siku ya 32

Hesabu. Fungu A: 51 kati ya 60. Fungu B: 15 kati ya 24. Fungu C: 0 kati ya 12. Tulipolifukua fungu C tulikuta kokwa zimesinyaa, ndani zina rangi ya kahawia.

Mbegu hii haina usingizi. Mahindi na maharage hulala mpaka yapewe maji, shokishoki linaanza maisha tangu likiwa ndani ya tunda, na likikauka limekufa. Bahasha yenye mbegu kavu za shokishoki kutoka nyumbani, hata ikitumwa kwa mapenzi makubwa kiasi gani, haioti.

Kwa kulinganisha, tulipanda pia mbegu 20 za rambutani za dukani. Zimeota 4, zilizobaki zimeshaharibiwa na baridi na siku nyingi za safari.

Miche 20 ya fungu A imepelekwa Barka, pwani ya Batinah, kwa sababu jamaa wengi wanaishi upande wa Maskati na walitaka kujaribu karibu yao. Tumebaki na miche 46 ya Unguja hapa.

Siku ya 74

Njano. Majani mapya ya miche 30 na kitu yamepauka, mishipa ya jani imebaki kijani, katikati ya mishipa njano kama ganda la limau. Majani ya zamani ni mazima.

Watu wawili walishauri mbolea ya yurea. Tulikataa. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani na hupausha jani zima. Unapoanzia majani mapya, na mishipa ikabaki kijani, mti unakosa chuma. Chuma chenyewe hakikosekani kwenye udongo, ila chokaa imekifunga, mizizi haikifikii.

Chokaa ilitoka wapi? Tulichukua kijiko cha ule mchanga wa wadi tukautia siki. Ukatoa povu, ukasikika. Milima ya Dhofar ni mawe ya chokaa, na wadi zinaleta kile kile kilicho mlimani. Jaribio la siki ni la dakika moja na lilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Tunaliandika kwa herufi za mkono mkubwa kwenye mlango wa kitalu: mchanga wowote utiwe siki kwanza, ukitoa povu urudi ulikotoka.

Maji nayo yalipimwa upya. Kisima cha shambani: chumvi 1.8 dS/m, pH 7.9 (pH ni kipimo cha uchachu, chini ya 7 ndiko kwenye uchachu). Bomba la nyumbani: 0.5 dS/m, pH 7.6. Kisima kimefungwa kwa miche hii, kibaki cha migomba.

Siku ya 76 hadi 80

Kuhamisha miche yote. Badala ya mchanga wa wadi tumetumia mchanga wa kwazi, ule unaouzwa kwa ajili ya machujio ya mabwawa ya kuogelea. Siki haiufanyi kitu. Kiriba kinachanwa ubavuni kwa wembe, tonge la udongo linabebwa kwa viganja viwili, linatikiswa kidogo tu. Kuosha mizizi ili chokaa yote itoke kunavutia, lakini mizizi myembamba ya mshokishoki haisamehe. Tuliosha miche 5 kwa majaribio, 4 imekufa ndani ya wiki mbili. Iliyotikiswa tu, 41, imekufa 2. Jumla iliyobaki ni 40.

Matibabu ya maji, kila siku ya kumwagilia: asidi ya sitriki ya unga, ile ya kupikia. Tulianza na gramu 2 kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba, tukaongeza gramu moja moja, tukikoroga na kusubiri dakika tano, mpaka karatasi ya kupimia ikaonyesha pH 5.5. Ilifika kwenye gramu 6. Kipimo hiki ni cha bomba hili, kila mtu apime lake. Maji yaliyotiwa asidi hii yasiwekwe akiba, vijidudu vinaila na baada ya siku moja au mbili pH inapanda tena.

Chuma: aina ya EDDHA, gramu 1 kwa lita moja ya maji, nusu lita kwa kiriba, jioni, mara moja kila baada ya wiki 3. Chuma cha EDTA ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu, lakini pH ikizidi 6.5 kinaachia na kufungwa tena na chokaa. Pesa ya EDTA hapa ni pesa ya kumwaga.

Siku ya 97

Majani mapya yametoka kijani. Yale ya njano hayakurudi vizuri, na hatukuyatarajia yarudi. Tunahesabu majani yanayozaliwa tu.

Mei ina unyevu mwingi hewani, na kiyoyozi kimoja kinajaza ndoo ya lita 20 kwa siku mbili. Maji hayo hayana chumvi wala chokaa. Tunayatumia mara moja kwa wiki, kwa wingi, kusukuma chumvi itoke chini ya kiriba. Kwa siku zote hayafai, hayana kalisi wala magnesi, na yamepita kwenye mabomba ya shaba.

Siku ya 118

Khareef imeingia. Ukungu wa kwanza umekaa tangu alfajiri, matone yananing'inia kwenye neti ya kivuli na kudondoka moja moja. Ukisimama kitaluni saa hii, ukanusa usumba mbichi na majani ya mgomba yaliyolowa, unaelewa kwa nini wazee wanaomba kuletwa hapa kila Ijumaa hata kama mche hauna cha kuonyesha.

Kazi inageuka. Maji yamepunguzwa kutoka kila siku hadi mara moja kwa siku 4. Neti ya asilimia 50 imetolewa, maana jua lenyewe limeshafunikwa na wingu. Viriba vimeinuliwa juu ya vichanja, sentimita 40 kutoka chini, hewa ipite.

Taarifa kutoka Barka: kati ya miche 20, imebaki 2. Si jua peke yake. Neti ilikuwepo, maji yalikuwepo. Upepo mkavu wa kutoka bara, joto likizidi nyuzi 45, unanyonya jani kwa kasi kuliko mzizi unavyoweza kulipa. Jani linakauka likiwa kijani, ndani ya saa chache, udongo chini yake umelowa. Miche 2 iliyopona ilikuwa ndani ya ua, chini ya mwembe mkubwa, kando ya mfereji. Hapo kuna somo la kweli kwa watu wa Batinah: msipande shokishoki bila mwembe wa kuukinga, na bado hesabuni kwamba mtapoteza mingi.

Siku ya 141

Ngamia. Wakati wa khareef wafugaji huwateremsha kutoka milimani kwa sababu ya utelezi na nzi, na tambarare yote inakuwa malisho. Usiku mmoja wamepita juu ya uzio wa makuti. Miche 7 imeng'olewa, 3 imekatwa vichwa. Iliyokatwa vichwa imeachwa, mshokishoki unachipua pembeni mradi macho ya chini ni mazima. Uzio mpya ni wavu wa chuma wa mita 2, makuti yamefungwa kwa ndani kuvunja upepo. Iliyobaki: 33.

Siku ya 207

Khareef imekwisha. Kimo cha wastani kimepanda kutoka sentimita 19 hadi 41 ndani ya miezi mitatu. Miche imetoa mizunguko miwili ya majani mapya, na kila mzunguko unapoanza ndipo inapohitaji chakula, si kwa kalenda. Tunaweka samadi ya mbuzi iliyooza miezi 8 na kuoshwa (mbichi ina chumvi ya kutisha), ngumi moja kwa kiriba, pamoja na gramu 3 za salfeti ya amonia, ambayo inasaidia pia kushusha pH.

Wadudu wenye unga mweupe wamejificha kwenye makwapa ya majani, sisimizi wakiwachunga. Kitambaa chenye maji ya sabuni, mara tatu, siku 5 baina ya mara na mara. Dawa haikuhitajika. Ukiwaacha sisimizi wakapanda, hao weupe watarudi, kwa hiyo miguu ya vichanja imesimamishwa ndani ya makopo ya mafuta yaliyotumika.

Siku ya 296

Upepo wa kaskazini, ule mkavu wa majira ya baridi ambao wenyeji huuita balat. Umevuma siku tatu na kuleta vumbi la jangwani. Majani yameungua kingo.

Kwa kuwa watu wanatutumia picha na kuuliza, tunaandika namna ya kutofautisha, maana dalili hizi zinafanana ukiziangalia juu juu. Kuungua kwa upepo kuko upande mmoja wa mti, ule unaotazama upepo, na kunatokea kwa siku moja au mbili. Kuungua kwa chumvi kunaanzia ncha ya majani ya zamani, kunapanda taratibu kwa wiki, na mpaka kati ya kilichoungua na kilicho hai ni mkali kama uliochorwa. Kiu ya maji inaonekana asubuhi. Ukiona majani yamelegea mchana tu na asubuhi yamesimama, hiyo siyo kiu, ni joto. Na mzizi uliooza unadanganya kuliko vyote, maana mti unaonekana una kiu huku udongo umelowa. Vuta mche taratibu. Ukilegea ardhini, mzizi haupo.

Tumeongeza ukuta wa makuti wa safu mbili upande wa kaskazini, na kunyunyizia hewa ukungu wa maji saa 5 na saa 9 mchana. Maji ya kunyunyizia ni ya kiyoyozi au ya bomba, kamwe si ya kisima: tone la kisima likikauka juu ya jani linaacha doa jeupe la chumvi, na doa linachoma.

Siku ya 365

Miche 31. Unene wa shina, sentimita 20 kutoka chini: milimita 6 hadi 9.

Leo ndiyo siku ya kusema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Miche hii si lile shokishoki. Ni watoto wake. Mbegu ya shokishoki haimfuati mama, mti mmoja mtamu unazaa watoto wachachu, watamu, wakavu, wa kila namna, na ndiyo maana huko Unguja kwenyewe ladha inabadilika shamba kwa shamba. Tena karibu nusu ya miche ya mbegu hutoka madume, yanayochanua na hayazai, na huwezi kulijua dume mpaka lichanue, baada ya miaka mitano, sita. Kumwambia mtu wa miaka 78 angoje miaka sita kisha apate dume si uungwana.

Njia ni kubebesha: mche wa mbegu unabaki mizizi tu, juu yake linawekwa jicho la mti mzazi unaojulikana. Jicho ni mti ule ule, si mtoto wake. Na mti uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne.

Kuna waliopendekeza tulete miche iliyokwisha kubebeshwa ya Malaysia, kama R134, tumalize kazi. Ingezaa mapema na matunda yangekuwa mazuri. Lakini ingekuwa ni rambutani nyingine ya dukani, iliyopandwa uani. Mti mzazi umechaguliwa Unguja kwa kuonja, na waliouonja walipewa swali moja: nyama inaganda kwenye kokwa au haigandi? Uliochaguliwa unaganda.

Miche 6 haitabebeshwa. Mti uliotoka kwenye jicho la mti unaozaa una chavua chache sana, na dume moja karibu linasaidia. Kwenye miche 6, uwezekano wa kukosa dume hata moja ni kama 1 kati ya 64.

Siku ya 410

Kubebesha, awamu ya kwanza. Macho 9. Yaliyoshika: 0.

Sababu ni mbili na zote ni zetu. Vikonyo, yaani vijitawi vya kutolea macho, vilisafiri kwenye boksi la barafu, macho yakafika meusi. Halafu miche yetu ilikuwa imetulia, haijaanza mzunguko wa majani, na gome lilipofunguliwa lilichanika badala ya kubanduka. Gome lisilobanduka lenyewe kwa ncha ya kisu halibebeshwi siku hiyo, hata kama vikonyo vimetoka mbali kiasi gani.

Siku ya 466

Awamu ya pili. Macho 10.

Kwa mti mzazi: siku 14 kabla ya kukata, majani ya tawi yalikatwa yote, vikabaki vishikio tu. Vishikio vikidondoka vyenyewe, macho yamevimba, tayari. Matawi ni ya unene wa penseli, yameshakuwa ya kahawia. Yamekatwa asubuhi, ncha zimechovywa kwenye nta, yakafungwa kwa gazeti lililolowa na kukamuliwa, kisha plastiki, yakabebwa kwenye mkoba wa kawaida. Yametumika siku ya pili baada ya kukatwa.

Kwa mche: ulimwagiliwa kwa wingi siku 2 kabla, ukiwa na majani mapya yenye urefu wa kidole.

Gome la mche linachorwa kwa kisu kikali, dirisha la upana wa milimita 8 na urefu wa 25, sentimita 20 kutoka udongoni. Linabanduliwa kutoka juu kwenda chini kama ulimi, ulimi unakatwa ubaki theluthi moja ya chini, wa kushikilia. Kutoka kwenye kikonyo kinatolewa kiraka chenye jicho katikati, kidogo kuliko dirisha kwa unene wa ukucha. Kipande cha mti kilichobaki nyuma ya kiraka kinabanduliwa. Ukiona nyuma ya jicho pana shimo, kiini cha jicho kimebaki kwenye mti, tupa, chukua lingine. Upande wa ndani hauguswi kwa kidole. Tangu kufungua dirisha mpaka kufunga isizidi dakika moja, ule utelezi ukikauka hakuna kinachoshika. Utepe wa plastiki unafungwa kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kama vigae, ili maji yasiingie.

Siku ya 490

Tepe zimefunguliwa baada ya siku 24. Njia ya kujua: kwaruza kidogo pembeni ya jicho. Kijani, limeshika. Kahawia, limekufa. Kijani ni 4 kati ya 10. Vilele vya hiyo minne vimepindwa na kufungwa chini, havijakatwa, majani yaendelee kulisha mzizi mpaka jicho lichipue. Machipukizi yote yanayotoka chini ya jicho yanaondolewa kwa kidole kila siku ya pili. Hayo ni ya mche, na yakiachwa yatalinyima jicho chakula.

Miche 6 iliyokataa itajaribiwa tena upande wa pili wa shina, baada ya khareef.

Siku ya 512

Ukungu mzito. Jicho moja kati ya manne limerudi jeusi, maji yaliingia chini ya kiraka. Mawili yamevimba tu. Mche namba 23 umechipua: sentimita 4, majani mawili yenye wekundu, yameinama chini.

Kijiti kimesimikwa pembeni yake. Mwagilia kila siku ya 4, asidi ya sitriki gramu 6 kwa ndoo, usiuguse utepe wa kijiti.